Mvumilivu Asiyekula Mbivu

Hakuna mtoto aliyelelewa katika nyumba ya Waswahili ambaye hakupata kuambiwa, alipolilia jambo lililochelewa, kwamba mvumilivu hula mbivu. Na usemi huo, ambao una hekima na faraja nyingi katika mambo ya shamba na ya biashara, umeingia hata makanisani mwetu, ukapewa nafasi mimbarini karibu na Maandiko yenyewe, hata Mkristo wa leo aghalabu hudhani kwamba ahadi aliyopewa na Mungu ndiyo hiyo hiyo: ngoja kidogo, nawe utakula. Ndiyo maana, wakati wa ushuhuda ufikapo siku ya Jumapili, husimama yule aliyepata kazi baada ya kufunga na kuomba, na yule aliyepona maradhi yaliyowashinda matabibu, na yule mama aliyejaliwa mtoto baada ya kukata tamaa, na vigelegele hupigwa. Lakini yule aliyefunga vile vile na kuomba vile vile, naye kazi hajaipata wala maradhi hayajamtoka, hubaki ameketi mahali pake akijiuliza kimoyomoyo imani yake ina kasoro gani.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya huyo aliyeketi. Nami, kwa kuwa maneno matupu ya kutuliza amekwisha kuyasikia mengi, nimeona ni bora nimsimulie habari za mahali pamoja, yaani Rabai, kwenye vilima vilivyoko kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Mombasa, na za watu waliokaa pale katika karne ya kumi na tisa wakivumilia kwa ajili ya imani yao, ambao baadhi yao hawakuonja mbivu wala mbichi, na hata hivyo haiwezekani kusema kwamba waliomba bure.

Habari yenyewe huanza na msiba. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa Württemberg aliyetumwa na chama cha misheni cha CMS cha London, alifika Unguja mwanzo wa mwaka 1844 akitokea nchi ya Habeshi, ambako njia ya kazi yake ilikuwa imefungwa, na ambako yeye na mkewe Rosina walikuwa wamekwisha kumzika mtoto wao wa kwanza safarini. Seyyid Said bin Sultan, aliyekuwa akitawala pwani hii, alimpa barua ya kumwombea wema kwa maliwali wake. Na Krapf, alipokwisha kutua Mombasa, akaanza mwezi wa Juni kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Moheddin, kwa moyo wa ujirani ambao wenye dini mbili wa siku zetu wangefaa kuukumbuka. Kabla kazi hiyo haijafika mbali, homa iliingia nyumbani. Tarehe 13 Julai Rosina akafariki, siku chache tu baada ya kujifungua binti, na kile kichanga nacho kikamfuata mama yake. Akazikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, kama alivyousia mwenyewe. Na mumewe, naye akiwa hoi kwa homa ile ile, akawaandikia wakubwa wake wa London kwamba wasilitazame kaburi lile kama dalili ya kazi kushindwa, bali kama dalili ya kazi kuanza.

Barua ile imesifiwa sana, na inastahili. Walakini mimi sioni kwamba somo kubwa liko pale. Neno la ushujaa hutamkwa katika joto la msiba, wakati majirani wamejaa barazani na moyo umeinuliwa na nguvu isiyo yake. Mtihani ulio mgumu zaidi huja baada ya matanga kuondolewa, majirani walipokwisha kurudi makwao, na asubuhi zinapoanza kufuatana, moja baada ya nyingine, bila habari njema yoyote. Kwa mtihani wa namna hiyo tunapaswa kumtazama mtu mwingine, ambaye hakuwa na ulimi wa Krapf wala wepesi wake wa kuota makubwa.

Mtu huyo ni Johannes Rebmann, naye pia wa Württemberg, aliyeshuka Mombasa mwezi wa Juni mwaka 1846 akiwa na umri wa miaka 26. Mwezi wa Agosti wa mwaka huo huo yeye na Krapf, wakitetemeka kwa homa, walipanda kwenda kukaa Rabai baada ya wazee wa mji kuwapa idhini. Kutoka pale Rebmann alisafiri bara pamoja na kiongozi wake Bwana Kheri, na safari yake ya Uchaga husimuliwa hata leo kwa sababu ya mwavuli aliouchukua mahali pa silaha. Na tarehe 11 Mei 1848 macho yake yaliona weupe juu ya Kilimanjaro, akaambiwa na kiongozi wake kwamba ni baridi, akaelewa kuwa ni theluji. Wataalamu wa jiografia huko London, na hasa William Desborough Cooley, ambaye hakupata kuikanyaga nchi hii, walimfanyia dhihaka kwa kusema kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta, na kejeli hiyo haikupungua nguvu mpaka Baron von der Decken alipoupanda mlima kiasi mwaka 1861 na kuhakikisha habari. Hivyo ulimwengu unamkumbuka Rebmann kwa ajili ya asubuhi moja. Yeye mwenyewe alikaa pwani hii miaka 29 bila kurudi kwao, na karibu miaka yote hiyo haikuwa na mlima wowote wa kuutazama.

Tazama jinsi miaka hiyo ilivyokwenda. Mwaka 1849 aliletewa wenzake wawili, Erhardt na Wagner, na Wagner akafa kwa homa majuma machache baada ya kushuka chomboni. Mwaka 1851 wakaja wengine, na kati yao Pfefferle akazikwa mapema mno, na mafundi waliofuatana naye wakarudi Ulaya wakiwa wagonjwa. Krapf, afya ilipomshinda, aliondoka mwaka 1853. Erhardt akaondoka mwaka 1855. Rebmann alikuwa amemwoa Emma Tyler huko Misri mwaka 1851, na mtoto waliyejaliwa alifariki angali mchanga. Mwaka 1857 mashambulizi ya Wamasai yaliitawanya nchi ya Rabai, ikawa lazima yeye na mkewe wakimbilie Unguja na kukaa huko kwa muda mrefu. Waliporudi walianza tena mambo ambayo mtu mwingine angeona aibu kuyaanza mara ya pili. Mwaka 1866 Emma naye akafariki, na mumewe akabaki peke yake kati ya makaburi na vitabu. Na waongofu, ambao kwa ajili yao gharama yote hiyo ilitolewa, walikuwa akina nani? Wa kwanza alikuwa Mringe, mtu kilema, aliyebatizwa karibu na mauti yake. Baadaye akaja Abe Gunja, Mgiriama, pamoja na mwanawe Nyondo, aliyepewa jina la Isaac. Kisha wachache wengine, ambao hata wangekutanishwa wote wasingekijaza chumba kimoja.

Hapa msomaji ana haki ya kuuliza: ni kitu gani kilichomweka mtu huyu? Kama angetegemea matokeo, angeondoka pamoja na Erhardt. Kama angetegemea msisimko wa moyo, asingeufikia mwaka wa pili. Alichokuwa nacho ni desturi. Alilelewa kati ya wacha Mungu wa Württemberg, watu waliozoezwa tangu utoto kufungua Biblia kila asubuhi na kuichunguza dhamiri kila jioni, na desturi hiyo aliileta Rabai kama alivyoleta nguo zake; alisali saa ya kusali ilipofika, alifundisha watoto walipokuja na aliwangoja walipokuwa hawakuja, na saa zilizobaki alizitoa kwa kazi ya lugha. Mtumwa mmoja kutoka Nyasa, Salimini kwa jina, alikuwa mwalimu wake wa lugha ya kwao, na kwa miaka mingi Rebmann aliyaandika maneno ya mtu huyo moja moja, mpaka yakawa kamusi iliyokuja kupigwa chapa mwaka 1877, mtungaji akiwa kaburini. Kuna imani katika kuandika neno la lugha ambayo wenyewe wako mbali na wewe mwendo wa miezi, huku hujui kama kuna atakayekisoma kitabu.

Wakristo wa leo huidharau desturi, kwa kuidhani kuwa ni dini ya mdomo. Husema, niombeje na moyo wangu umekauka? Nami najibu kwamba siku ambayo moyo umekauka ndiyo siku ambayo desturi iliwekwa kwa ajili yake. Anayeomba pindi apendapo tu ni kama mtu anayengoja kiu imshike ndipo aanze kuchimba kisima. Zaburi ya asubuhi iliyosomwa bila ladha yoyote, Meza ya Bwana iliyoendewa kwa miguu mizito, Baba Yetu Uliye Mbinguni iliyosaliwa pamoja na watoto kabla ya kulala ilhali kodi ya nyumba haijulikani itatoka wapi, hayo yote si unafiki. Ni mtu kukaa mahali ambapo amekubaliana na Mungu kwamba watakutana, hata kama leo haoni dalili ya kwamba mwenziwe amefika.

Wala nisimpambe Rebmann kuliko haki yake, maana uwongo wa kumsifu marehemu haumsaidii aliye hai. Wageni waliomzuru katika miaka yake ya mwisho walimkuta macho yakimpotea, amezama katika kamusi zake, mgumu wa kukubali shauri la mtu na mwepesi wa kushuku mabadiliko. Upweke ulikuwa umefanya kazi yake ndani yake. Hilo nalo ni fundisho, tena ni la lazima, kwa sababu wako wanaofikiri kwamba kuvumilia ni kunyamaza na kujifungia, kutomwambia mtu taabu yako, na kumwonyesha Mungu uso uliopakwa furaha. Maandiko hayajui uvumilivu wa namna hiyo. Nabii Eliya, alipochoka na kujilaza chini ya mretemu akiomba afe, hakukemewa kwa kukosa imani. Malaika alimwekea mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena, na ndipo baada ya safari ndefu akaambiwa kwamba hakuwa peke yake kama alivyodhani, bali walikuwako watu elfu saba waliobaki waaminifu. Chakula kwanza, usingizi pili, jamaa baadaye. Na ndani ya Zaburi, ambayo kanisa limeiimba kwa karne nyingi, umewekwa ule wimbo wa themanini na nane, ambao huanza kwa kilio na kuishia gizani bila mstari wa kufariji. Nao haukuondolewa, ili aliye gizani ajue kwamba hata kilio chake kisicho na jibu kina kiti katika nyumba ya Mungu.

Mwaka 1875 Rebmann, akiwa haoni, aliiaga Rabai. Aliyemshika mkono kuelekea Ulaya alikuwa Isaac Nyondo, yule mwana wa Abe Gunja. Na tarehe 4 Oktoba 1876, katika mji mdogo wa Korntal nchini mwake, mzee huyo wa miaka 56 akafariki. Ukipiga hesabu kwa kipimo cha ushuhuda wa Jumapili, hakuwa na la kusimamia.

Lakini yaliyofuata pale Rabai ndiyo yanayonifanya nisite kuukubali usemi wetu jinsi ulivyo. Tangu mwaka 1864 walikuwa wamekwisha kufika Waafrika waliotolewa utumwani baharini wakiwa watoto, wakasomeshwa India na kurudishwa pwani: George David, William Jones, Ishmael Semler. Hao walijua dhiki kuliko Mjerumani yeyote, kwa kuwa walinyang'anywa wazazi, nchi na hata majina yao ya kwanza. Mwaka 1875, mwaka ule ule alioondoka Rebmann, kijiji cha Frere Town kikaanzishwa ng'ambo ya Mombasa kwa ajili ya waliokombolewa. Wakati huo huo neno lilikuwa likienda Ugiriama kwa miguu ya Wagiriama wenyewe, na huko Fuladoyo pakawa na makao ya Wakristo yaliyowapokea watumwa watoro. Kwa sababu hiyo wenye watumwa wakawaandama, na mwaka 1883 Mgiriama mmoja, David Koi, akauawa, naye huhesabiwa na wengi kuwa shahidi wa kwanza wa Kanisa katika nchi ambayo sasa ni Kenya. Mwaka 1885 Jones na Semler wakapewa ushemasi na Askofu Hannington; mwaka huo huo Jones akafuatana na askofu kuelekea Uganda, na baada ya askofu kuuawa huko Busoga mwezi wa Oktoba ni Jones aliyewarudisha wapagazi waliosalia mpaka Rabai, umbali wa mamia ya maili, wenye njaa na majonzi.

Na Rabai ilikuwa imekwisha kubadilika. Jones alikuwa akiwapokea watoro, mmoja leo, kumi kesho, mpaka wakawa mji. Na mabwana zao walipokuja juu mwaka 1888 wakidai mali yao, na fitina ikakaribia kuwa vita, kampuni ya Kiingereza iliyokuwa imeshika utawala wa pwani ililazimika kuwalipa mabwana fidia, na siku ya kwanza ya mwaka 1889 watoro zaidi ya elfu moja wakapewa hati za uhuru. Kilima kile ambacho Rebmann alikilinda miaka mingi, akiwa na waumini wa kuhesabika kwa vidole, kilikuwa kimegeuka kuwa kimbilio la umati ambao hakuwahubiria na ambao hata hakuutarajia. Kama angekiacha mwaka 1855, sijui watoro wale wangekimbilia wapi.

Basi iko mbivu, ila aliyeilinda siye aliyeila. Hivi ndivyo mwandishi wa Waraka kwa Waebrania anavyolipanga jambo katika sura ya kumi na moja, pale anapowataja wazee wa imani mmoja mmoja kisha akasema bila kuficha kwamba walikufa hawajapokea kilichoahidiwa, walikiona kwa mbali tu. Mkristo havumilii kwa sababu amehakikishiwa kwamba atalipwa kabla ya mwisho wa mwaka. Anavumilia kwa sababu Yule aliyemwamini alisulubiwa siku ya Ijumaa, rafiki zake karibu wote wakiwa wamekimbia, na kazi yake yote kwa macho ya watu ikiwa imeharibika, na Mungu hakuiona kuwa imeharibika. Imani iliyotia mizizi hapo haitikisiki sana na kuchelewa kwa jibu, kwa kuwa haikujengwa juu ya jibu.

Walakini lazima niongeze onyo, kwa sababu neno hili la saburi limetumiwa vibaya na wengi. Mke anayepigwa huambiwa na wazee wa kanisa avumilie. Kijana anayedhulumiwa mshahara huambiwa aubebe msalaba wake. Na mgonjwa huambiwa aache dawa za hospitali, adumu katika maombi. Hiyo siyo saburi ya Rabai. Watumwa wa mashamba ya pwani hawakuvumilia minyororo, walikimbia. Na uvumilivu wa William Jones ulikuwa katika kuuacha mlango wazi na kusimama hapo wenye nguvu walipokuja kutisha. Mtu huvumilia lile ambalo haliondoki, na huvumilia pia gharama ya kuondoa lile linaloweza kuondoka. Lakini dhuluma haikupewa na Mungu haki ya kuvumiliwa na mwenye kudhulumiwa kwa manufaa ya dhalimu.

Kwa mwenye kupita katika dhiki leo, awe mwenye saratani anayesafiri kila mwezi kwenda hospitali kuu, au mzazi ambaye mwanawe amepotelea katika dawa za kulevya, au mfanyakazi aliyeachishwa kazi akiwa na madeni, ningependa kushauri mambo ambayo ni ya kawaida sana. Aichague saa moja fupi ya sala, asiirefushe siku ya furaha wala asiivunje siku ya ghamu. Asome Zaburi kwa mfululizo, zile za kulalamika na zile za kushukuru, bila kuchagua zinazofanana na hali yake, ili kinywa chake kijifunze sala pana kuliko moyo wake. Ashike kazi fulani ya mikono au ya akili inayomfaa mtu mwingine, hata iwe ndogo. Ale, alale, anywe dawa. Na zaidi ya yote asikae peke yake: Mkatoliki anayo jumuiya ndogondogo yake, Mlutheri na Mwanglikana wana ushirika wa nyumba kwa nyumba, na kila dhehebu lina watu wawili watatu ambao mbele yao mtu anaweza kusema ukweli wake bila kuhukumiwa.

Na kwa wachungaji, mapadri na waumini ambao kwa sasa wamo katika neema ya afya na riziki, jambo lililobaki ni lao. Wamwendee aliye katika dhiki wasiwe na hotuba mkononi, wala wasimtafutie dhambi ya siri iliyomletea mkosi, kwa kuwa hilo walilifanya rafiki za Ayubu na Mungu akawakasirikia. Wapeleke unga na sukari, wakae, waulize amekula nini na amelalaje, wamwombee kwa maneno machache. Na juma lijalo, ijapokuwa hakuna kilichobadilika, waende tena.